Miguu yenye kukataa kulala

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, kuna ugonjwa ambao watu wanaona haya kumwambia mganga. Mtu anapanda kitandani akiwa amechoka na kazi, kisha miguu inaanza. Wengine wanasema ni kama siafu wanatembea ndani ya mifupa. Akisimama na kutembea inatulia, akilala inarudia. Alfajiri inamwachia, lakini saa ya posti imefika. Anayeketi saa nyingi katika treni toka Kamina mpaka Lubumbashi anaweza kusikia vile vile, zaidi jioni.

Huo si uchawi, wala si uvivu. Mganga Mwingereza Thomas Willis aliuandika tangu 1672, na mwaka 1945 Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akaueleza vizuri. Usichanganye na mkakamao, pale nyama ya mguu inakuwa ngumu na kuuma.

Mimi nasema hivi: kabla ya kutafuta dawa ya usingizi, pimisha damu. Mara nyingi mwenye miguu hii amepungukiwa chuma mwilini. Ndiyo, sisi tunaoishi juu ya madini! Wengine wanaurithi kwa wazazi, wengine figo zao zinaugua, lakini chuma ndicho cha kuangalia kwanza.

Chuma kinapotea namna gani? Minyoo ya safura inapenya ngozi ya mguu usio na kiatu, inafika matumboni na kunyonya damu. Wachimbaji wanaifahamu zamani: mwaka 1880 watu waliotoboa mlima wa Gotthard, Uswisi, ili treni ipite, waliugua safura wengi sana, kwa kuwa walijisaidia mle mle ndani. Kwa hiyo choo na viatu ni dawa pia. Mama mwenye mimba naye anamgawia mtoto chuma chake; kwake miguu mara nyingi inatulia akisha kuzaa, lakini asingoje mpaka siku hiyo bila kupimwa.

Kwa chakula, kula maharagwe, lengalenga, ndakala, na ini ukilipata, pamoja na ndimu au mapera. Chai usinywe pamoja na chakula, maana inazuia chuma kuingia; kahawa ya jioni iache. Usiku miguu ikianza, inyooshe, isugue, ioshe kwa maji ya moto kidogo.

Sasa lutuku. Inakulaza upesi, kisha inakuamsha katikati ya usiku na miguu mibaya kuliko mwanzo. Valium ya sokoni inakufuata mpaka kazini, nawe unashika mashine huku macho yanafunga. Na wakubwa wa kazi nawaomba: mtu akisinzia, muulizeni analalaje kabla ya kumwandikia adhabu.

Dawa nyingine zinaichochea miguu, kama Primperan ya kuzuia kutapika, na dawa za mafua zenye kulaza. Usiziache kwa kichwa chako. Mwonyeshe mganga zote unazomeza.

Vidonge vya chuma navyo usijinunulie bila kupimwa, maana si kila upungufu wa damu unatokana na chuma. Ukipewa, mavi yatakuwa meusi, usiogope. Viweke juu, ndani ya kopo lililofungwa: mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumwua.