Mlo wa Mimea na Mizani ya Wengine

Mjadala wa ulaji wa mimea katika Afrika Mashariki umegawanyika kambi mbili zinazopigiana kelele bila kusikilizana. Kambi ya kwanza hudai kwamba kuacha nyama ni mtindo wa Wazungu walioshiba, uliovuka bahari pamoja na mikahawa ya Nairobi na Dar es Salaam inayouza maziwa ya soya. Ya pili hujibu kwamba Mwafrika wa asili alikuwa mla mboga na nyama aliletewa na mkoloni, dai ambalo mfugaji yeyote wa Kimasai, au mvuvi wa Lamu, angelicheka. Hata katika toleo hili zimo makala mbili zinazoanza masimulizi yake Ramsgate, Uingereza, mwaka 1847, ilipoundwa Jumuiya ya Walaji Mboga, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na binadamu aliyewahi kula kunde kwa hiari yake. Zimechapishwa kwa ajili ya kurasa zake za baadaye, hasa zile zinazohusu miaka ya Gandhi jijini London, 1888 hadi 1891, ambazo ni kazi nzuri. Lakini swali linalokwepwa na kambi zote mbili ni la awali zaidi: nani aliamua kwamba chakula cha mimea ni chakula pungufu, na alikipima kwa mizani gani?

Kwa eneo hili, jibu lina mwaka na lina majina. Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha taarifa ya John Boyd Orr na John Gilks iliyolinganisha afya ya Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na ya Wakikuyu, waliokula nafaka, viazi vitamu na mazao ya jamii ya kunde. Gilks aliongoza idara ya tiba ya koloni la Kenya. Orr aliongoza Taasisi ya Rowett ya Aberdeen, iliyojishughulisha na lishe ya mifugo, na haishangazi kwamba mtu aliyezoea kutathmini ng'ombe kwa uzito wake aliwatathmini watu vivyo hivyo. Mwanamume wa Kimasai alionekana kumzidi wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, yaani kilo kama 10, na somo lililosambaa kutokana na tarakimu hizo lilikuwa jepesi mno: Mkikuyu ni dhaifu kwa sababu ya anachokula. Mwaka 1945 Orr akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa.

Taarifa hiyo imekwisha kuchambuliwa upya, hasa na mwanahistoria Cynthia Brantley, na bado inastahili kusomwa na kila anayejadili mlo wa mimea leo, kwa sababu ilichokiita desturi ya kabila kilikuwa kwa sehemu kubwa matokeo ya siasa. Wakikuyu waliosimamishwa kwenye mizani walikuwa watu ambao sehemu ya ardhi yao ilikwisha kugawiwa walowezi, ambao vijana wao walisukumwa na kodi kwenda kufanya vibarua, na ambao mahindi yalikuwa yakichukua nafasi ya mtama, wimbi na mawele mashambani mwao. Wamasai nao walipokonywa malisho kwa mikataba ya 1904 na 1911, ila mifugo yao mingi ilibaki mikononi mwao. Zaidi ya hayo, taarifa yenyewe ilibainisha kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani ya mboga kwa wingi kuliko waume zao. Hivyo hapakuwa na mlo mmoja wa Kikuyu wa kulaumiwa. Njahi, kunde nyeusi iliyolimwa na wanawake na kupikiwa wazazi waliojifungua, ilirudishwa nyuma na aina za maharagwe zilizopigiwa debe na maofisa wa kilimo kwa ajili ya soko, na hakuna mtaalamu wa lishe aliyeulizwa.

Kisa hicho kina sehemu ya pili, na ni ya ajabu zaidi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alitumia miaka mingi kuchunguza kwashakoo, utapiamlo unaomvimbisha mtoto miguu na kumbadilisha rangi ya nywele, na mafundisho ya wakati huo yaliutaja kuwa ni ukosefu wa protini, yaani kirutubishi cha kujenga mwili, katika milo kama ya matoke. Dawa ikawa unga wa maziwa kutoka nje. Kufikia miaka ya 1960 kituo cha Mwanamugimu, hapo hapo Mulago, kilikuwa kikiwafundisha akina mama kupika kitobero, mchanganyiko wa vyakula vya nyumbani kama matoke, maharagwe na karanga, na mwaka 1974 Donald McLaren aliishutumu hadharani, katika jarida la Lancet, hofu nzima ya dunia kupungukiwa na protini. Mwaka uliofuata Trowell huyo huyo, pamoja na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, walitoa kitabu kilichosifu makapimlo, sehemu ya mimea isiyomeng'enywa tumboni, kuwa kinga dhidi ya maradhi ya Ulaya. Sahani iliyolaumiwa ikawa sahani ya kuigwa, na mara zote mbili mwenye sahani alikuwa mtu wa kuchunguzwa tu.

Makala nyingine zitajisemea zenyewe. Ile ya saumu za Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, ambazo humfanya muumini wa kawaida aache nyama, maziwa na mayai kwa takriban siku 180 kwa mwaka, inatosha kuwanyamazisha wanaoita mlo huo ugeni barani. Ile ya Wasabato inafuata njia kutoka maono ya Ellen White, mmoja wa waasisi wao, ya 1863 huko Michigan hadi misheni ya Upare mwaka 1903. Ile ya mayai katika chakula cha shule nchini India inakumbusha kwamba kukataa nyama kunaweza kuwa rungu la tabaka la juu, jambo ambalo Ambedkar, mtetezi wa watu wa matabaka ya chini, aliliandikia kitabu mwaka 1948.

Makala kuhusu EAT-Lancet, tume ya wanasayansi wa lishe na mazingira iliyopendekeza mwaka 2019 wastani wa gramu 14 tu za nyama nyekundu kwa siku, imewekwa mwisho kwa makusudi, ingawa mwandishi wake aliomba itangulie. Tume hiyo haikuwa na mamlaka ya kikoloni kama aliyokuwa nayo Gilks, na takwimu zake kuhusu mazingira ni nzito. Hata hivyo wastani mmoja wa dunia, ukifika Kajiado, unamkuta mfugaji ambaye nyanda zake kavu hazikubali maharagwe, na ambaye ardhi yake inakatwa viwanja na kuuzwa. Mwandishi amelipa suala hilo aya moja, na jarida litapokea majibu marefu zaidi.