Mgonjwa wa saratani apewe samaki kabla ya kopo

HOJA YA KIVUKONI
Na Zainabu Mkopi

Mgonjwa akirudi nyumbani kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, wanaokuja kumjulia hali humletea makatazo na kopo la unga wa virutubisho. Nyama aache, eti inaamsha ugonjwa. Sukari aache, inalisha kansa. Badala yake akoroge unga ule asubuhi na jioni, na familia inauza mpunga wa akiba ili kulinunua. Wanampenda mgonjwa wao, sina shaka. Lakini wanamnyima chakula wakati mwili wake unakihitaji kuliko siku zote.

Saratani yenyewe humaliza misuli. Dripu za kemo huleta kichefuchefu na vidonda mdomoni. Mionzi ya shingoni au kifuani hufanya kumeza kuwe mateso. Mgonjwa akikonda sana na damu ikishuka, daktari hulazimika kuahirisha dripu au kupunguza dozi. Na hiyo sukari, mwili huitengeneza hata kutokana na wali na ugali. Hakuna ushahidi kwamba kumnyima mgonjwa wanga kunaua uvimbe.

Kopo nalo si la kuaminiwa kwa sababu tu limeandikwa "asili". Huko Ufini, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki utafiti wa vidonge vya vitamini. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Hicho ni kirutubisho kilekile kilichomo kwenye karoti na maembe. Kwenye tunda ni chakula, kwenye kidonge cha dozi kubwa ni jambo jingine. Madaktari wanahofia pia kwamba vitamini C na E kwa wingi huenda zikazikinga seli za saratani dhidi ya mionzi. Na baadhi ya mitishamba hulichosha ini, ambalo tayari lina kazi ya kuzichakata dawa za kemo. Vipimo vikionyesha upungufu, daktari ataandika kidonge kinachofaa.

Mwaka 2011 nchi ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa Sh500, na bado wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili yake. Makopo ya leo yanachukua dawa na fedha ya chakula kwa pamoja.

Hapa Kivukoni, palipokuwa na pantoni ya Mto Kilombero kabla ya Daraja la Magufuli, samaki wapo. Chemsha kambale au perege, mtoe miiba yote kwa vidole, mponde na wali uliopikwa ukalainika, tia kijiko cha mafuta au karanga za kusaga. Mdomo ukiwa na vidonda, ondoa pilipili na ndimu. Harufu ikimkera mgonjwa, acha chakula kipoe kwanza. Mpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, asilazimishwe kumaliza sahani. Kinga ikiwa chini, maji yachemshwe, na maziwa mabichi yakae mbali.

Kama kopo limeshanunuliwa, msilifiche. Libebeni mpaka kliniki, mliweke mezani kwa daktari kabla ya kijiko cha kwanza. Nawe jirani unayekwenda kumjulia hali wiki hii, mpelekee mayai.