Jeki Hunyoosha Ubao, Haiukaushi

Kila aliyepata kusimamia kazi ya kutandika sakafu ya mbao ngumu anatambua kwamba taabu kubwa haiko katika kupigilia misumari. Taabu iko katika kuulazimisha ubao uliopinda ukubali kukaa sambamba na mwenzake. Mbao za mninga, mvule, mkongo au msaji, hata zikipasuliwa na fundi hodari na kupigwa randa vizuri, hazitoki zote zikiwa zimenyooka kama rula. Ubao wa mita 3 unaweza kuwa na mpindo mdogo ambao jicho haliuoni ukiwa juu ya meza. Lakini ukiwekwa sakafuni, ulimi wake huingia katika mfereji wa ubao wa pili kwenye ncha zote mbili, na katikati ikabaki nafasi ya kupitisha sarafu.

Kwa ajili ya shida hiyo ndipo ilipobuniwa jeki ya sakafu. Si zana ya ajabu. Ina kitako kinachoshika sakafu ya chini, au mti mrefu unaoegemea ukuta, na mbele yake kuna kichwa kinachosukumwa kwa wenzo au kwa skrubu. Fundi hukaza polepole, ubao hujongea, nafasi hufungwa, naye hupigilia msumari kwa mshazari juu ya ulimi wakati jeki ingali imeshika. Kati ya kichwa cha jeki na ulimi huwekwa kipande cha mbao kisichohitajika, ili ulimi usivunjike. Katika Marekani, ambako sakafu za mwaloni ni jambo la kawaida majumbani, zana hii huuzwa madukani tayari. Fundi asiyekuwa nayo hutumia kabari na nyundo, au huchomeka patasi katika papi na kuipinda kama mtaimbo, au hata huazima jeki ya gari na kuiegemeza ukutani. Mwenye kutumia jeki ya gari hana budi kuweka ubao mpana nyuma yake, maana nguvu inayosukuma sakafu mbele ndiyo hiyo hiyo inayosukuma ukuta nyuma, na plasta haina uvumilivu.

Safu mbili tatu za mwisho ndizo zinazomtofautisha fundi na mbabaishaji. Hapo karibu na ukuta nyundo haina nafasi ya kuzunguka, na mwili wa fundi wenyewe haupati pa kukaa. Pasipo jeki, safu hizo aghalabu huachwa zikiwa zimelegea, kisha hufichwa chini ya kabati.

Faida kubwa ya jeki, hata hivyo, haiko katika uzuri wa sakafu. Iko katika mbao zinazookolewa. Ubao wenye mpindo mdogo, ambao fundi asiye na jeki angeukata vipande vifupi au kuutupa kwenye rundo la kuni, hunyooshwa na kuingia mahali pake. Mninga huhitaji miaka mingi, aghalabu zaidi ya muda wote wa utumishi wa mtu mmoja, kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Mnamo Novemba 2022 mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, uliofanyika Panama, uliingiza miti ya jamii ya mninga na ya jamii ya mkongo iliyomo Afrika katika orodha ya mazao ambayo biashara yake ya kimataifa sharti iwe na kibali. Haielekei mti unaolindwa mipakani kwa mihuri na hati uteketezwe karakana kwa sababu tu ya kukosa zana ambayo mhunzi mwenye skrubu nene na vipande viwili vya chuma anaweza kuiunda.

Hapo ndipo sifa za jeki zinapokoma, na matumizi yake mabaya yanapoanza.

Mbao hupinda kwa sababu mbalimbali, lakini sababu kubwa ni maji. Ubao uliotoka msituni na kupasuliwa majuzi bado una maji mengi ndani yake, na kadiri unavyoyapoteza ndivyo unavyopungua upana na kujikunja. Mbao mbichi zikiletwa kwenye jengo, fundi mwenye jeki anaweza kuzibana zikashikana barabara, na siku ya makabidhiano wageni wakatembea juu yake wakisifu. Miezi michache baadaye kila ubao umejivuta upande wake, na mianya imejitokeza. Jeki haikuondoa hata tone moja la maji. Ilichofanya ni kuahirisha aibu mpaka mkandarasi akusanye fedha zake.

Hata mbao zilizokaushwa hazikomi kubadilika. Chukua chumba chenye upana wa mita 6, kilichotandikwa mbao 75 za msaji, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 8. Msaji ni mti mtulivu mno ukilinganishwa na mingine mingi. Lakini unyevu wake ukishuka kwa asilimia 3 tu, mbao hizo kwa pamoja zinaweza kupungua kiasi cha milimita 30. Zikitengwa sawasawa, kila ungio litapata mwanya usiofika nusu milimita, na hakuna atakayelalamika. Kwa mwaloni wa Marekani upungufu huo unaweza kuwa mara mbili. Mikaratusi nayo ina sifa ya kunywea na kujikunja, na haifai kuaminiwa mpaka ikaushwe kwa uangalifu mkubwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi ambayo shughuli za Serikali zimehamia Dodoma kutoka pwani. Hewa ya Dar es Salaam ni nzito kwa unyevu. Ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu. Ubao uliozoea ghala la pwani, ukipakiwa leo na kupigiliwa kesho kutwa katika ofisi ya Dodoma, utapungua hata kama fundi ameukaza kwa jeki tatu. Dawa yake ni rahisi, nayo haihitaji fedha za kigeni: mbao zipangwe ndani ya chumba zitakamotandikwa, vipande vya fito vikiwekwa baina yake ili hewa ipite, zikae wiki kadhaa mpaka vipimo vya unyevu vikome kushuka. Zege jipya nalo lingojewe likauke. Wanaosimamia ratiba hawapendi wiki hizo, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kufanyika.

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo ni kukaza kupita kiasi. Mtu akitandika wakati wa ukame, akabana kila ubao kwa nguvu zote za jeki, tena akaijaza sakafu toka ukuta hadi ukuta, masika yakifika mbao hutanuka zisipate pa kwenda. Basi huinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, na misumari hung'oka. Fundi aliyefunzwa huacha nafasi ya milimita 15 hadi 20 kando ya kuta zote, kisha huifunika kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, wala si sakafuni. Nafasi hiyo mkaguzi asiyejua huidhania uzembe na kuamuru izibwe.

Ni dhahiri, basi, kwamba lawama haimwangukii fundi peke yake. Mtumishi anayepokea kazi kwa niaba ya umma mara nyingi hutazama kitu kimoja: kama mianya ipo au haipo. Kipimo hicho kinamtuza mwenye kubana na kumwadhibu mwenye kungoja. Laiti angedai kuonyeshwa daftari la vipimo vya unyevu, vilivyochukuliwa siku mbao zilipofika na siku zilipotandikwa, biashara ya mbao mbichi ingekosa soko upesi.

Nao walimu wana sehemu yao. Kupima unyevu wa mbao si siri ya maabara kubwa. Kipande kikipimwa kikawa na gramu 120, kikawekwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito wake ukome kushuka, kisha kikapimwa tena kikawa na gramu 100, maji yaliyotoka ni gramu 20, yaani asilimia 20 ya uzito mkavu. Mwanafunzi wa sekondari anaweza hesabu hiyo. Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu ambacho elimu ya mbao ndiyo kazi yake. Linalotakiwa ni elimu hiyo ifike katika karakana za ufundi za wilayani, iandamane na jeki yenyewe, kwa maana kijana anayefundishwa kukaza kabla ya kufundishwa kupima amepewa nusu ya ufundi, tena ile nusu ya hatari.

Wapo watakaosema kwamba vigae vinatosha na mbao ni anasa. Kwa vyoo na korido wanasema kweli. Jukwaa la shule na ukumbi wa michezo ni habari nyingine, maana goti la mtoto anayeruka halilingani na kigae.

Limebaki suala la mikataba. Kipindi cha matazamio kwa sakafu ya mbao kisipungue mwaka mmoja. Kazi ya pwani iliyokabidhiwa Agosti kwa matazamio ya miezi 6 humaliza muda wake Februari, kabla masika hayajaingia, na sakafu ikiinuka Aprili gharama ni za ofisi. Kwa matazamio ya miezi 12 sakafu hupitia majira yote ya mwaka, na ikiinuka, mkandarasi ndiye atakayerudi na jeki yake.