Bi Harusi Hana Haja ya Kupelekwa Ufukweni



Tuseme bila kuzunguka: kumpeleka bi harusi ufukweni jioni ili "apate mwanga" si lazima. Ni uvivu wa mpiga picha. Visiwani tunalijua hilo, na Buzebazeba, kule Kigoma Ujiji, ni yale yale. Jua linazama upande wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na bi harusi na hina yake na piko lake anasimamishwa mchangani mbele ya wavuvi na wapita njia. Adhana ya Magharibi inaingia, naye bado anaambiwa geuka, tabasamu.

Tukihoji, tunajibiwa kuwa chumbani hakuna mwanga na flashi inaharibu sura. Inaharibu ikibandikwa juu ya kamera na kuelekezwa usoni: uso unang'aa kama umepakwa mafuta, hina inafifia, kivuli cheusi kinaganda ukutani. Kisha kosa linafichwa kwa kumng'arisha ngozi kwenye kompyuta, mpaka mama mzazi hamtambui mwanawe. Weusi wetu haukuwa kosa. Kosa ni mahali taa ilipowekwa.

Flashi ndogo ya betri 4 inatosha. Iwekwe ubavuni, mbali na kamera, mwanga upige ukuta mweupe au shuka nyeupe ndipo umrudie bi harusi. Unakuja laini, na kila ua la hina linaonekana. Shuka iwe karibu, kwani umbali ukiwa mara mbili, mwanga wa taa hubaki robo. Ukuta wa kijani uepukwe, rangi yake itahamia usoni.

Hapo mlango unafungwa, mapazia yanashushwa, mpiga picha mwanamke anafanya kazi yake, na pambo linabaki kwa wale waliotajwa katika aya ya 31 ya Suratun-Nur.

"Wapiga picha wanawake ni wachache." Basi tuwafundishe! Flashi hiyo hiyo, siku zisizo na harusi, inapiga picha za biashara. Chupa ya mawese ya Kigoma ikimulikwa kwa nyuma inawaka wekundu wake wenyewe, bila kuongezwa rangi. Kazi ipo mwaka mzima.

Maharusi, kabla hamjatoa kianzio, ulizeni swali moja: "Unaweza kunipiga chumbani, mlango umefungwa?" Asiyeweza, muacheni aende zake.