UCHAMBUZI: Kabla ya kuamini nyota za gari, uliza aliyezitoa na alichopima

MNUNUZI wa gari nchini Kenya hajawahi kuzungukwa na ushauri mwingi kama ilivyo sasa. Kabla ya kuchukua mkopo katika chama cha ushirika na kumtumia mwagizaji malipo ya kwanza, anaweza kusoma majarida ya Uingereza, majedwali ya Marekani na karatasi za minada ya Japan, kisha akatazama video za vijana wanaoendesha magari na kuyasifu. Kila mmoja wao humkabidhi nyota, alama au nafasi fulani katika orodha.

Hata hivyo, wingi wa ushauri si wingi wa ukweli. Alama ya gari ni jibu la swali fulani, lililoulizwa na mtu fulani, kuhusu gari fulani na kwa wakati fulani. Mnunuzi asiyelijua swali lenyewe hana namna ya kutambua iwapo jibu linamhusu yeye au linamhusu mtu mwingine kabisa.

Hasara ya kukosea si ndogo. Kwa familia nyingi, gari ndicho kitu cha bei kubwa zaidi watakachowahi kununua baada ya ardhi au nyumba. Mkopo wake huendelea kukatwa kwenye mshahara kila mwezi, hata wakati gari limeinuliwa kwa jeki katika gereji likisubiri vipuri.

Mwamba ngoma

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Swali la kwanza basi ni nani anayegharamia sifa.

Mnamo Aprili 2005, kampuni ya General Motors iliondoa matangazo yake katika gazeti la Los Angeles Times. Hii ilikuwa baada ya mwandishi Dan Neil, aliyetunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka uliotangulia, kulikosoa gari la Pontiac G6 pamoja na uongozi wa kampuni hiyo. Matangazo yalirejea Agosti mwaka huo, lakini ujumbe ulikuwa umewafikia wahariri kote.

Gazeti kubwa lilistahimili kishindo hicho. Jarida dogo haliwezi, wala hawezi kijana anayetengeneza video, ambaye gari la kujaribu huletewa na muuzaji likiwa limeoshwa na kujazwa mafuta. Si lazima apewe hongo. Inatosha ajue kwamba akikosoa sana, hataletewa jingine.

Hata taasisi zinazoheshimika zimewahi kuteleza. Nchini Ujerumani, chama cha wenye magari cha ADAC, chenye mamilioni ya wanachama, kilikuwa kikitoa tuzo ya kila mwaka iliyoitwa Malaika wa Manjano. Mnamo Januari 2014 ilibainika kwamba idadi ya kura ilikuwa imepikwa. Volkswagen Golf ilitangazwa kupata kura 34,299, ilhali zilizopigwa zilikuwa 3,409 pekee. Mkuu wa mawasiliano wa chama hicho aliondoka, na mwezi uliofuata rais wake, Peter Meyer, akajiuzulu. Volkswagen, BMW na Daimler zilirejesha tuzo zilizokuwa zimepewa.

Kuna pia biashara iliyo halali lakini inayostahili kufahamika. Kampuni ya J.D. Power ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1968, huwahoji wenye magari na kutangaza washindi. Muundaji wa gari akitaka kuitumia tuzo hiyo katika matangazo yake, hulipia ruhusa. Hilo si thibitisho kwamba matokeo yamechakachuliwa. Linaeleza tu kwa nini vikombe ni vingi na vitengo vya ushindani ni vingi zaidi.

Shirika la Consumer Reports, nalo la Marekani, lilichukua njia nyingine tangu lilipoanzishwa mwaka wa 1936. Halipokei matangazo, na magari linayoyajaribu huyanunua lenyewe madukani bila kujitambulisha. Uhuru huo nao una gharama. Kampuni ya Suzuki ililishtaki mwaka wa 1996 kwa kudai mnamo 1988 kwamba gari la Samurai lilikuwa rahisi kupinduka, na kesi hiyo haikumalizika hadi pande hizo mbili zilipoelewana mwaka wa 2004.

Mtahiniwa anapojisahihishia

Mbali na maoni ya waandishi, kuna takwimu zinazotoka kwa waundaji wenyewe. Hapa nako mambo si shwari.

Mnamo Septemba 2015, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilifichua kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka ndani ya magari ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa na kupunguza moshi wenye sumu wakati huo tu. Barabarani, baadhi ya magari hayo yalitoa gesi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari takriban milioni 11 duniani yaliguswa. Waliogundua kasoro hiyo mwanzoni hawakuwa waandishi wa magari waliokuwa wameyamiminia sifa, bali watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vifaa vya kupimia moshi kwenye magari na kuyaendesha barabarani.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi na Kenya. Mnamo Desemba 2023, kampuni ya Daihatsu, inayomilikiwa na Toyota, ilisimamisha usafirishaji wa magari yake yote baada ya jopo huru kubaini visa 174 vya udanganyifu katika majaribio, vilivyohusu aina 64 za magari, yakiwemo yenye nembo ya Toyota. Kisa cha zamani zaidi kilikuwa cha mwaka wa 1989. Serikali ya Japan iliyakagua magari hayo upya na kuruhusu mengi yao kuendelea kuuzwa, lakini Januari 2024 ilichukua hatua ya kufuta vibali vya malori madogo ya aina ya Gran Max, Town Ace na Bongo yaliyoundwa na Daihatsu.

Wengi wanaoendesha Toyota Passo au Toyota Rush katika barabara za Nairobi na Nakuru hawajui kwamba magari hayo yaliundwa na Daihatsu. Walinunua jina la Toyota na sifa zake. Hii haimaanishi kwamba magari hayo ni mabovu. Inamaanisha kwamba nembo iliyo mbele ya gari haisemi yote kuhusu aliyeliunda wala aliyelipima.

Kinachopimwa

Hata pale ambapo hakuna aliyedanganya, kipimo chenyewe chaweza kumpotosha asiyekielewa. Mojawapo ya tafiti maarufu za J.D. Power huuliza matatizo yaliyotokea katika siku 90 za kwanza za kumiliki gari jipya. Nyingine huangalia magari yaliyotimiza miaka mitatu. Mkenya anayeagiza gari la miaka saba huanza kulitumia muda mrefu baada ya mhojaji kufunga daftari lake.

Katika utafiti wa magari ya miaka mitatu uliotolewa mwaka wa 2025, wastani ulikuwa matatizo 202 kwa kila magari 100. Lexus iliyoongoza ilikuwa na 140. Ukigawanya, wastani ni matatizo mawili hivi kwa kila gari, na mshindi ana moja na nusu kasoro kidogo. Hiyo ndiyo tofauti inayozaa vichwa vikubwa vya habari na matangazo ya kurasa nzima.

Tena, matatizo yenyewe hayalingani uzito. Lalamiko linaloongoza katika tafiti hizo kwa miaka ya karibuni ni simu kukataa kuungana na skrini ya gari. Katika hesabu, simu iliyokataa kuungana ni tatizo moja, na gia zilizokufa ni tatizo moja. Kwa mwenye gari aliyekwama usiku baina ya Mtito Andei na Voi, mambo hayo mawili hayawekwi katika mizani moja.

Alama pia huzeeka. Shirika la Euro NCAP, ambalo hupima usalama wa magari kwa kuyagongesha, lilimpa Fiat Punto nyota tano mwaka wa 2005. Gari hilo lilipopimwa tena mwaka wa 2017 lilipata sufuri. Gari lilikuwa la kizazi kile kile. Kilichokuwa kimebadilika zaidi ni mtihani. Kwa hivyo nyota zisizotajwa mwaka wake hazimfai mnunuzi.

Jina moja, gari jingine

Kizingiti kikubwa zaidi kwa msomaji wa Kenya ni kwamba magari yanayopimwa ng'ambo mara nyingi siyo yanayoteremshwa bandarini Mombasa. Sheria ya Kenya inataka usukani uwe upande wa kulia, na kiwango cha KS 1515 huzuia magari yaliyozidi miaka minane tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Masharti hayo yamelifanya soko la Japan kuwa chemchemi kuu ya magari ya mitumba nchini.

Toyota Probox na Toyota Premio, magari yanayojulikana kila kijiji, hayakuuzwa Marekani. Majedwali ya huko basi hayayataji kabisa. Mengine yana majina mawili: Mazda Demio ya Japan iliitwa Mazda 2 kwingineko, na Honda Fit iliitwa Jazz Ulaya. Jina likifanana, bado injini, gia na mfumo wa kusimamisha gari huweza kutofautiana kati ya soko moja na jingine.

Mazingira nayo ni tofauti. Kanda ya Afrika Mashariki ilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mnamo 2015, wakati ambapo Japan ilikuwa tayari inatumia ya sehemu 10. Injini ya kisasa yenye kichujio cha moshi iliundiwa mafuta safi, barabara laini na mwenye gari anayefuata ratiba ya kubadilisha oili. Ikiletwa kwenye vumbi, matuta na mafuta ya aina nyingine, sifa yake ya awali huwa haijajaribiwa.

Karatasi ya mnada wa Japan husaidia, kwa kuwa huandikwa na wakaguzi wa mnada wala si mwenye gari. Gari hupewa alama kama vile 4.5, 4 au 3.5, na herufi R huashiria gari lililorekebishwa baada ya ajali. Lakini alama hiyo husema jinsi gari lilivyoonekana siku ya mnada. Haitabiri litakavyokuwa miaka mitatu baadaye. Isitoshe, nakala huweza kughushiwa njiani, na mita ya kilomita kurudishwa nyuma. Cheti cha ukaguzi unaofanywa kwa niaba ya Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa (KEBS) nacho huthibitisha kwamba gari lilifaa kuwa barabarani siku lilipokaguliwa. Si dhamana ya maisha.

Jedwali linalokosekana

Katika hali hiyo, Wakenya wengi hurejea kwa fundi. Mafundi na wauzaji wa vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wanajua kifaa gani huuzwa haraka na gari gani hurudi mara kwa mara. Ujuzi huo ni hazina, ila nao una upofu wake. Fundi, mfano wa daktari, huona wagonjwa tu. Gari lililojaa barabarani litajaa pia katika gereji, hata kama ni imara. Mwenye gari naye si shahidi asiyeegemea upande, maana akipenda, chongo huita kengeza.

Nchi nyingine zimepata dawa ya tatizo hili katika kumbukumbu za ukaguzi wa serikali. Ujerumani huchapisha kila mwaka ripoti ya TÜV inayoonyesha aina za magari zilizoshindwa kupita ukaguzi wa lazima, kwa kuzingatia umri. Uingereza imeenda mbali zaidi: mtu yeyote akiwa na nambari ya usajili anaweza kuona bila malipo matokeo ya ukaguzi wa miaka iliyopita na maili zilizoandikwa kila mara. Vipimo hivyo havigusi kila kitu, kwani huangalia breki, taa na magurudumu kuliko uhai wa injini. Ubora wake ni kwamba havimtegemei mwandishi aliyealikwa wala muundaji anayetafuta tuzo. Mkenya anayeagiza gari kutoka Uingereza anaweza kuvitumia leo kabla ya kulipa.

Hapa nchini, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) hukagua magari ya uchukuzi wa umma na ya biashara, na kampuni za bima hulipa fidia kila siku. Mnunuzi wa kawaida, hata hivyo, hana jedwali la kumwonyesha magari gani huzeeka vyema katika barabara za Kenya. Serikali ikichapisha matokeo ya ukaguzi kwa aina na umri wa gari, bila kutaja wenyewe, itakuwa imewafaa wananchi kuliko video elfu moja.

Hadi siku hiyo ifike, si busara kuzitupa alama zote. Vyanzo visivyo na masilahi sawa vinapokubaliana, kwa mfano shirika lisilopokea matangazo, kumbukumbu za ukaguzi na mafundi watatu wasiojuana, neno lao lina uzito. Kinachotiliwa shaka ni sifa yenye chanzo kimoja, isiyo na mwaka, na isiyosema gari lilinunuliwa au liliazimwa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila shilingi anayolipwa fundi kwa saa moja ya kulikagua gari kabla ya mkataba kutiwa saini huenda ikaokoa zile ambazo nyota tano za ugenini haziwezi kurudisha.