Mbung'o Hashindwi kwa Sindano

Wako wafugaji wasemao kwamba dhidi ya mbung'o sindano yatosha. Ng'ombe akikonda na manyoya yakamsimama, hununua dawa, wakamdunga, kisha wakangoja augue tena. Huko, msomaji, ni kuteka maji kwa pakacha. Dawa huua vijidudu vilivyomo damuni. Inzi avietaye angali kichakani, mzima, na njaa yake. Tena dawa ikipimwa pungufu ili kuokoa senti, vijidudu huizoea, na siku ya haja haifai kitu.

Wengine hutaka pori lifyekwe na nyati wapigwe risasi. Wakoloni waliyafanya hayo Uganda na Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo. Wanyama waliuawa maelfu kwa maelfu, na mbung'o wangaliko nchi zote mbili.

Mtazame adui mwenyewe. Mbung'o hatagi mayai mamia kama inzi wa jalalani. Jike huzaa funza mmoja tu kwa siku 9 au 10 hivi. Kiumbe azaaye kwa uchache namna hii, ukiwapunguza majike wake kidogo kila siku, kizazi chake hakiwezi kujijazia pengo. Na chombo cha kuwapunguza ni kitambaa! Rangi ya samawati humvuta, nyeusi humfanya atue, na mkojo wa ng'ombe humwita kwa harufu. Huko Nguruman, Kajiado, katika miaka ya 1980, wataalamu wa taasisi ya wadudu ICIPE pamoja na Wamaasai walitega mitego ya namna hiyo, nao mbung'o wakapungua mno.

Utaniambia kwamba mitego huchakaa. Naam, huchakaa, ndiyo maana nalaumu uvivu wetu wala siulaumu mtego. Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya madume waliotiwa ugumba kumwagwa kwa ndege; lakini Unguja imezungukwa na bahari. Sisi wa bara hatuna ukuta ila majirani zetu. Mmoja akiacha mtego wake upasuke, mbung'o wa pori la pili huingia kwa wote.

Wewe kijana wajua kusoma kipimo, na sindano ya kushonea haikushindi. Ukirudi nyumbani likizo hii, waulize wazee: mtego wa mwisho kijijini ulishonwa lini, na ni zamu ya nani kuutia mkojo?