Mji uliopenda kitabu, ukamfunga mtu

Ndugu yangu, dada yangu, kama umesoma To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, ama hata umesimuliwa tu, najua unayemkumbuka ni Atticus Finch, wakili mzungu mwema. Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa ubakaji, wengi hata jina lake wamelisahau. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelemaa, na aliyempiga yule msichana alitumia mkono wa kushoto. Juri iliona kwa macho yake. Ikamtia hatiani vilevile.

Utaniambia hiyo ni hadithi tu. Sawa. Twende Monroeville, Alabama, mji aliozaliwa mwandishi huyo. Kitabu kilitoka 1960 na mji unajivunia mpaka leo. Mahakama ya zamani ni makumbusho, na watalii wanakuja kutazama kesi ya Tom ikiigizwa.

Sasa sikiza. Mwaka 1986 msichana mzungu wa miaka 18 aliuawa mjini humo. Polisi wakakaa miezi bila kupata mtu. 1987 wakamkamata Walter McMillian, mtu mweusi, mkata miti. Kosa lake lililojulikana mjini ni kwamba alikuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Wakamweka na wafungwa wanaosubiri kuuawa KABLA kesi yake kusikizwa.

Kesi yenyewe, 1988, ilichukua siku moja na nusu. Juri wazungu 11, mweusi 1. Siku ya mauaji McMillian alikuwa kwake, watu wanakaanga samaki wa kuuza wachangie kanisa. Walioshuhudia walienda mahakamani wakasema hivyo. Walikuwa weusi, basi maneno yao yakapita hewani. Aliyeaminiwa ni mhalifu mmoja mzungu, ambaye polisi walikuwa wamemrekodi akilalamika eti analazimishwa kumsingizia McMillian. Hizo kanda zilifichwa.

Juri ikapendekeza kifungo cha maisha. Jaji akakataa, akaamuru auawe. (Jaji aliitwa Robert E. Lee Key. Robert E. Lee ndiye jenerali aliyeongoza vita upande wa wenye watumwa. Siwezi kuliruka hilo.) Na hakuvunja sheria! Alabama iliruhusu jaji kufanya hivyo.

Wakili Bryan Stevenson alipigana hadi McMillian akatoka Machi 1993. Wengi wenu mmeona filamu, Just Mercy, na mkampenda wakili. Mimi pia namheshimu. Ila tunarudia yaleyale ya Atticus: tunamtazama mwokozi, tunawasahau watu wa samaki. Wao walisema kweli tangu mwanzo, bila shahada ya sheria. Wangesikizwa, Stevenson hangehitajika. Ukiitazama tena, watazame wao.

McMillian alifariki 2013. Alabama ilimwondolea jaji uwezo huo 2017. Waliokuwa wameshahukumiwa kwa njia hiyo, mabadiliko hayakuwagusa.